"Run" si kukimbia tu: uzi wa kitenzi chenye maana mia sita na ushee

MwalimuWaKibaoni (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mara kwa mara humu mtu anabandika sentensi ya Kiingereza akiomba tafsiri, na ikiwa ndani yake kuna "run", majibu huja mengi na hayafanani. Nafundisha Kiingereza sekondari, na hiki ndicho kitenzi ninachopenda kukifundisha kuliko vyote, maana mwanafunzi akikishika vizuri, wenzake kama "get", "take", "put" na "set" nao huanza kumfungukia. Nimeona tukipe uzi wake.

Kwanza ukubwa wake. Katika ile kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, toleo la pili la 1989, kitenzi kilichoongoza kwa wingi wa maana kilikuwa "set", maana 430. Wahariri walipofika herufi R katika kazi ya kuipitia upya kamusi nzima, "run" ikaipita: maana 645, na hapo ni kitenzi tu, bila nomino. Mhariri aliyekabidhiwa neno hilo, Peter Gilliver, alikaa nalo kama miezi tisa. Neno la herufi tatu.

Sasa mtoto wetu anapewa nini? Anatoka shule ya msingi aliyosoma kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza ambako ghafla kila somo ni kwa Kiingereza, na ubaoni anaandikiwa: run, kimbia. Basi. Kesho yake anakutana na "My uncle runs a shop" na anaandika "Mjomba wangu anakimbia duka". Anakatwa kwa wino mwekundu, haambiwi sababu, na anaondoka akiamini Kiingereza hakina utaratibu. Hili linaniuma, kwa sababu utaratibu upo.

Hoja yangu ni kwamba tunaharibu kwenye picha ya kwanza. Tunampa mtoto miguu, wakati "run" kwa asili ni mwendo usiokatika, wa mtu, wa maji au wa kitu chochote. Katika Kiingereza cha kale, "rinnan" ilitumika kwa mtu anayekimbia na kwa maji yanayotiririka vilevile. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, hadi leo kina "rinnen" kwa maana ya kuchuruzika. Kwa hiyo Mwingereza anaposema "the tap is running" au "my nose is running" hajapamba lugha hata kidogo. Anatumia maana kongwe kabisa ya neno lake.

Ndiyo maana nasema mwenzake wa kweli katika Kiswahili si "kimbia", ni "enda". Saa inakwenda, mashine inakwenda, biashara inakwenda, basi linakwenda Mbeya kila siku: zote hizo Mwingereza ana "run". Ongeza -sh- uone: kuendesha duka, kuendesha mafunzo, kuendesha nchi, kuendesha programu kwenye kompyuta. Zote ni "run". Na lugha hizi mbili zisizo na undugu wowote zimekutana hata tumboni: mtoto akiharisha, sisi tunasema anaendesha, na Mwingereza wa mtaani anasema ana "the runs".

Tahadhari moja tu hapa. Kuendesha gari barabarani ni "drive". "Run a car" ipo, lakini maana yake ni kulimudu gari: mafuta, bima, matengenezo. Mtu akisema "I can't afford to run a car" hasemi kwamba hajui kuendesha, anasema mfuko haumruhusu.

Darasani huwa naandika sentensi moja yenye nafasi: "..... is running." Naacha wajaze wao. Mmoja anasema "My nose", mwingine "The water", mwingine "The engine", mwingine "Kipchoge". Halafu kila mmoja anaambiwa aiseme sentensi yake kwa Kiswahili kama angemwambia mama yake nyumbani. Pua inatoka kamasi. Maji yanatoka. Injini inaunguruma, au imewaka. Kipchoge anakimbia. Ubaoni tunabaki na neno moja upande wa kushoto na maneno manne upande wa kulia, na wanaona kwa macho yao kwamba kinachoamua ni nani anayefanya. Tangu hapo hakuna tena anayelikimbiza duka la mjomba.

Kuna jambo la sarufi ambalo vitabu vyetu vya sekondari havilisemi. Kiswahili hakikubali kitenzi kilekile kifanye kazi mbili bila alama: mashine inakwenda, lakini mimi naiendesha. Kiingereza kinakubali. "The machine runs." "I run the machine." Hakuna kilichobadilika ila mpangilio wa maneno. Zamani haikuwa hivyo. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vya ukoo mmoja, cha kitu kujiendea chenyewe na cha mtu kukiendesha kitu, vikaja kuyeyukiana. Kwa maneno mengine, wao pia walikuwa na -esha yao, wakaipoteza. Mwanafunzi akilijua hilo anajua aangalie wapi: je, baada ya "run" kuna jina la kitu? Kama lipo, fikiria -endesha. Kama halipo, fikiria -enda.

Na sasa vijineno vinavyofuata. Kiswahili kikitaka maana mpya kinachezea mkia wa kitenzi: enda, endea, endesha, endeka, endana, endelea, endeleza. Kiingereza hakina mkia huo. Kinaliacha neno kama lilivyo, kinalipa mfuasi: out, into, over, up, down, off, through. Wanafunzi huwadharau wafuasi hawa kwa ufupi wao, kumbe mzigo wote wa maana umebebwa humo.

"Run out" ndiyo ya kujua kabla ya zote, maana haipiti siku bila kuhitajika. "The sugar has run out" ni sukari imeisha. "We have run out of sugar" ni tumeishiwa sukari. Ikianza na kile kilichoisha, hakuna "of". Ikianza na aliyeishiwa, "of" lazima itangulie kile kilichoisha. Kiswahili kinafanya tofauti hiyohiyo kwa -isha na -ishiwa, kwa hiyo mtoto anayejua Kiswahili chake ana nusu ya kazi tayari.

"Run into" ni kukutana na mtu bila miadi, au gari kuvamia mti, au kukumbana na tatizo. "Run over" ni gari kumgonga mtu na kumpitia, na pia ni kikao kupitiliza muda wake. "Run up" ni kulimbikiza deni. "Run down" ina kazi nyingi: betri iliyokwisha nguvu, mwili uliochoka, nyumba iliyochakaa, na kumponda mtu kwa maneno. "Run through" ni kupitia jambo toka mwanzo hadi mwisho, kama kwaya wanavyojikumbusha nyimbo kabla ya ibada. "Run it by the boss" ni kumwonesha bosi kwanza kabla hujaamua.

Naishia hapo nisije nikawachosha. Mwenye sentensi iliyomshinda ailete, na mwenye kujua zaidi aongeze.

nesi_mtarajiwa

Asante sana mwalimu. Mimi niko chuo cha uuguzi, na kitenzi hiki kimejaa kwenye vitabu vyetu. "The patient is running a temperature." "We need to run some tests." "Asthma runs in the family." Na kuna moja ilinisumbua: "Let it run its course." Nilidhani ni kozi ya dawa, kama dozi.

MwalimuWaKibaoni

Dada, umeleta mifano mizuri sana.

"Running a temperature" maana yake ana homa. Kila binadamu ana joto la mwili, lakini hapo neno "temperature" likiwa peke yake hubeba maana ya joto lililopanda. Ukisema "has a temperature" nayo ni sahihi. "Run some tests" ni kufanya vipimo, ni ile -endesha.

"Runs in the family" tunasema ni ugonjwa wa ukoo, au ni asili ya ukoo. Usiibane kwenye maradhi. Familia ikitoa waimbaji kizazi baada ya kizazi, wanasema "music runs in the family". Rudi kwenye picha ya maji: kitu kinatiririka toka babu kwenda mjukuu.

Na "course" katika "run its course" ni mkondo. Daktari akiyasema hayo kwa mgonjwa wa mafua, anamaanisha hakuna dawa ya kuyakatisha, yaachwe yamalize mkondo wake, mgonjwa apumzike na anywe maji. Kuna hatari ukiichanganya na "course of antibiotics", ambayo ndiyo dozi kweli na lazima imezwe yote. Ni neno lilelile na maagizo yanayopingana, kwa hiyo wewe wa wodini hili lishike vizuri.

Mtanga_Ughaibuni

Niko Minnesota mwaka wa kadhaa sasa. Niwaongezee za huku, maana Wamarekani neno hili wanalitumia kila dakika.

Mtu anasimama, anachukua ufunguo wa gari, anasema "I'm gonna run to the store". Hakimbii popote, anaenda dukani mara moja na kurudi. Wakikuomba "Can you run me to the airport?" wanataka uwapeleke kwa gari. "Run errands" ni zile shughuli za hapa na pale: posta, benki, duka la dawa. Kazi za usafi ndiyo usiseme: "run the vacuum", "run the dishwasher", "run a load of laundry". Bosi wangu wa kwanza wa usafi aliniambia niache maji "running" dakika mbili kabla ya kuosha, nikawa natafuta nani anakimbia.

Nyingine muhimu kwa wanaokuja huku: "run a red light" na "run a stop sign". Hilo ni kosa la barabarani, kupita taa nyekundu au kibao bila kusimama. Askari akikuuliza "Do you know you ran that light?" ujue unaulizwa nini.

Na ukichelewa, tuma ujumbe "I'm running late". Hata kama umekaa kwenye basi.

MwalimuWaKibaoni

Safi sana mkuu. Niongeze kidogo: Waingereza kwa taa nyekundu husema zaidi "jump the lights", kwa hiyo wa London na wa Minneapolis wanaweza kutofautiana hapo.

Wanatofautiana pia kwenye siasa. Mmarekani anayegombea urais "runs for president". Mwingereza anayegombea ubunge "stands for Parliament". Mmoja anakimbia, mwingine anasimama, na kazi ni ileile. Kiswahili kina kugombea, lakini sikilizeni lugha ya vyama vyetu: chama *kimemsimamisha* mgombea katika jimbo. Hapo tumekaa upande wa Mwingereza. Lakini mgombea mwenza ni "running mate", Kenya magazeti ya Kiingereza yanaiandika hivyo kila uchaguzi, na hiyo ni ya Kimarekani iliyotoka kwenye mbio za farasi: farasi wa zizi moja aliyeingizwa mashindanoni ili amwekee mwenzake kasi.

Mzalendo_Halisi

Mimi nina mtazamo tofauti. Kama neno moja linabeba maana 645, hiyo si dalili kwamba lugha ni maskini? Kiswahili kina neno lake kwa kila jambo: kutiririka, kuchuruzika, kukimbia, kuendesha, kugombea, kuchuja. Wao wanazungusha "run" tu. Kwa nini tuwapigie makofi?

MwalimuWaKibaoni

Ndugu yangu, kuipenda lugha yetu tuko pamoja, lakini hapa sikubaliani, na ushahidi umeuandika mwenyewe: umesema "tuwapigie makofi".

Chukua "piga". Piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga deki, piga picha, piga kura, piga mbizi, piga magoti, piga chafya, piga miayo, piga hodi, piga soga, piga chuku, piga ramli, piga mnada, piga marufuku, piga moyo konde. Ni katika ngapi kati ya hizo kuna kitu kinachopigwa kweli? Mgeni anayejifunza Kiswahili akiambiwa "piga, ni kumchapa mtu", atakwama palepale anapokwama mtoto wetu na "run". Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI uone "piga" ilivyojaza nafasi.

Vitenzi vinavyotumika sana hubeba mizigo mingi karibu kila lugha, kwa sababu watu wana mambo mapya kila siku na hawapendi kuunda neno jipya kila mara. Simu ilipokuja hatukuunda kitenzi, tuliita "piga". Kompyuta ilipokuja, Mwingereza aliita "run". Huo ni ukwasi.

Tofauti ipo mahali pengine, na ndiyo inayopaswa kumsaidia mwalimu. "Piga" hupata maana kwa nomino inayoifuata. Ukiiondoa pasi, simu au deki, imebaki tupu. "Run" hupata maana kwa njia tatu: anayefanya, kinachofanyiwa, na kijineno cha mwisho. Macho ya msomaji lazima yaende kotekote.

Mzalendo_Halisi

Hoja ya "piga" imenifikia. Bado nadhani maneno yetu kama kuchuruzika na kutiririka yanaona kitu kwa undani zaidi kuliko "run", ila umaskini naufuta.

MwalimuWaKibaoni

Hilo nakubali kwa mikono miwili. Jasho linachuruzika, mto unatiririka, damu inabubujika, bomba linavuja. Mwingereza naye ana "trickle", "stream", "gush", "leak", lakini katika mazungumzo ya kawaida anarudi kwenye "run" mapema kuliko sisi tunavyorudi kwenye "enda".

Na umetaja kuchuja. Hiyo inastahili neno. Umeloweka kanga mpya nyekundu kwenye beseni moja na shati jeupe la shule, unarudi baada ya saa moja maji yamekuwa ya waridi na shati lina mabaka. Sisi tunasema kanga imechuja. Mwingereza anasema "the colour has run". Angalieni lebo ndani ya kola ya nguo za dukani, nyingine zimeandikwa "colours may run": zinakuonya ufue peke yake.

gozi_la_mtaani

Michezo mmeisahau. Kwenye mpira "make a run" ni mchezaji asiye na mpira kukata kuingia nafasi, ile ambayo watangazaji wetu wanasema "anafungua uwanja". "Run down the clock" ni kupoteza muda mkiongoza. Na "unbeaten run" ni mfululizo wa mechi bila kufungwa, kama Arsenal walivyokwenda mechi 49 za ligi hadi Oktoba 2004 walipofungwa na Manchester United.

Kriketi sasa ndiyo "run" ni pointi yenyewe. Wakenya wa umri wangu hawasahau tarehe 24 Februari 2003 Nairobi, Kombe la Dunia, Kenya ilipoipiga Sri Lanka kwa "runs" 53. Collins Obuya aliwatoa wapigaji watano wa Sri Lanka akiruhusu "runs" 24 tu, na Kenya ikaishia nusu fainali mwaka huo. Kwenye kriketi neno limerudi miguuni, maana wapigaji wawili wanakimbia kweli kubadilishana ncha za ile njia fupi ya katikati ya uwanja.

MwalimuWaKibaoni

Nashukuru kwa hiyo, hasa "unbeaten run". Maana ya mfululizo iko pia katika "three days running", siku tatu mfululizo. Ni "running" inayokaa mwisho, baada ya idadi. Wanafunzi huipeleka mbele wakasema "three running days", na hiyo haisemeki.

hesabu_na_fedha

Swali. Kwenye habari za uchumi nakutana na "a run on the bank". Nani anakimbia juu ya benki?

MwalimuWaKibaoni

Hapo wenye akiba wote wanaikimbilia benki kwa wakati mmoja kutoa fedha zao, kwa hofu kwamba inafilisika. Benki yoyote imekopesha sehemu kubwa ya fedha za wateja, kwa hiyo hata iliyo nzima ikikimbiliwa na wote haiwezi kulipa wote siku hiyo. Hofu yenyewe ndiyo inayoiangusha.

Uingereza ilitokea Septemba 2007 kwa Northern Rock. Watu walipanga foleni barabarani nje ya matawi, jambo ambalo nchi hiyo ilikuwa haijaliona kwa zaidi ya miaka 140. Marekani, Machi 2023, wateja wa Silicon Valley Bank walijaribu kutoa dola bilioni 42 ndani ya siku moja, wengi kwa simu na kompyuta bila kusimama kwenye foleni yoyote, na kesho yake benki ikafungwa. Utaona "run" hapo inafaa kwa maana zote mbili: watu wanakimbilia, na fedha zinatiririka nje.

"Run on" hutumika pia kwa bidhaa. Kukiwa na fununu ya uhaba wa sukari na watu wakaivamia madukani, hiyo ni "a run on sugar".

binti_pangani

Mwalimu, mimi napenda misemo na asili zake. Tupe hizo.

MwalimuWaKibaoni

Binti Pangani, hapa ndipo neno linaponoga. Nitatoa zile ambazo asili yake inajulikana.

"Run amok" imetoka bahari yetu hii ya Hindi, upande wa pili. "Amok" ni neno la Kimalay la mtu aliyepandwa na ghadhabu akashambulia kila aliye mbele yake. Wareno walilisikia karne ya 16, na kupitia safari za biashara likaingia Ulaya. Leo linatumika hata kwa watoto wanaovuruga nyumba.

"Run the gauntlet" imezaliwa na kosa la masikio. Wasweden walikuwa na adhabu ya kijeshi iliyoitwa "gatlopp", yaani mbio za njiani: askari mkosaji anapita katikati ya safu mbili za wenzake huku kila mmoja akimchapa. Waingereza waliipata wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, wakaitamka "gantlope", na kwa kuwa haikuwa na maana masikioni mwao wakaigeuza "gauntlet", ambayo ni glavu ya chuma. Glavu haihusiki kabisa. Maana ya leo ni kupita katikati ya watu wanaokushambulia, kwa mfano kiongozi anayepita katikati ya waandishi wanaomrushia maswali.

"Cut and run" mtu wa Pangani ataipenda. Jahazi likitaka kuondoka kwa utaratibu hung'oa nanga. Wakiona adui na hakuna muda wa kuivuta, wanakata kamba, nanga inabaki baharini, chombo kinakwenda na upepo. Ndiyo maana ya kuacha jambo katikati na kujiokoa, na mara nyingi husemwa kwa lawama.

"Run-of-the-mill" ni kitu cha kawaida tu, kisicho na sifa. Ilikuwa bidhaa inayotoka kiwandani kabla ya kuchambuliwa, nzuri na mbaya pamoja.

Methali pia zipo. "Still waters run deep" haihitaji tafsiri ya neno kwa neno, tuna yetu: kimya kingi kina mshindo mkuu. Na "run with the hare and hunt with the hounds", kukimbia na sungura huku unawinda na mbwa, ni yule tunayemwita ndumilakuwili. Ukienda ofisini ukaambiwa njoo kesho, kesho ukapelekwa dirisha la pili, dirisha la pili likakurudisha la kwanza, Mwingereza atasema "they gave me the runaround". Sisi tunasema umepigwa danadana. Na "piga" imerudi tena!

KidatoChaNne

Shikamoo mwalimu. Kwenye mtihani tunachanganya "ran" na "run". Ipi ni ipi? Na kwenye jografia kuna "the railway runs from Dar es Salaam to Kigoma". Reli haiendi popote, imelala pale.

MwalimuWaKibaoni

Marahaba mwanangu.

Jana: "ran". Leo: "run", au "runs" kwa "he", "she" na "it". Baada ya "have", "has" na "had": unarudi kwenye "run". Kwa hiyo "We ran out of chalk yesterday", lakini "We have run out of chalk". Ukiandika "have ran" unapoteza alama. "Runned" haipo. Na ukiongeza -ing, n zinakuwa mbili.

Kuhusu reli: kitu kirefu kilicholala ardhini huzungumzwa kwa mwendo wa jicho linalokifuata. Nasi tunafanya hivyohivyo tunaposema "barabara hii inakwenda Tanga". Barabara nayo haiendi. Kwa hiyo reli, barabara, mpaka, safu ya milima, bonde la ufa, vyote "run", na maneno yanayofuata ndiyo yanayokupa ramani: "from ... to" ni toka na hadi, "along" ni sambamba na, "through" ni kukatiza katikati, "across" ni kukata toka upande mmoja hadi mwingine. Kwenye swali la kusoma ramani, pigia mstari hayo kwanza.

mpangaji_mpya

Nimepewa mkataba wa chumba cha biashara, wote Kiingereza. Kipengele kimoja: "This lease shall run for twelve months from the commencement date." Funguo nilikabidhiwa wiki mbili baada ya kusaini. Hiyo miezi kumi na miwili inaanzia wapi?

MwalimuWaKibaoni

Hapo "run" ni mkataba kuwa hai, muda wake kuhesabika. Na hesabu kwa maneno hayo haianzii siku ya funguo, inaanzia "commencement date", yaani tarehe ya kuanza. Rudi ukurasa wa kwanza wa mkataba, kwenye maelezo ya maneno yaliyotumika, utafute tarehe iliyoandikwa mbele ya neno hilo. Ikiwa ni ya kabla ya kupewa funguo, muongee na mwenye nyumba mkubaliane, mabadiliko yaandikwe, mpe mwanasheria ayapitie, kisha wote wawili msaini kabla hujalipa awamu ya pili.

Na angalia kama mbele kuna "interest shall run on unpaid rent". Ikiwepo, kodi ukiichelewesha inazaa riba, na riba hiyo inaendelea kuhesabika hadi siku utakayolipa.